Kinukta cha Mlango Wangu

Wekesa mwanangu, papa wangu,

Ni mimi mama yako. Nakuandikia kwa kalamu ya Nafula, kwenye karatasi ya miraba aliyoichomoa katikati ya daftari lake la hesabu, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Mwenye mkono mzuri katika nyumba hii ulikuwa wewe. Mimi niliishia darasa la sita, lakini lile darasa la sita letu, si mchezo. Hao wa fomu foo wa siku hizi wakisimama kanisani kusoma Biblia wanakwama kwenye majina. Mimi sikwami.

Miezi saba sasa. Mandazi yangu ni yale yale, na wanaume wa viwandani bado wanapita meza tatu za watu wengine ndio wafike kwangu. Nasimiyu mkeo yuko, amepungua mwili lakini yuko. Binti yako ameng'oka meno mawili ya mbele na anaongea kama mzee. Nimeanza na hizo kwa sababu ndizo nzuri. Zilizobaki ni nzito, papa, na ya mwisho inakuhusu wewe.

Uwanja wamezungushia mabati. Uwanja wetu huu wa mbele ya mlango wangu, wenye nasari ya watoto na zahanati. Tulikwenda Bungoma kukuzika, tuliporudi tukakuta mabati mapya, yanang'aa mpaka asubuhi nikikaanga yananirudishia jua machoni. Kontrakta ana barua ya kanjo, hao wa halmashauri ya jiji, kwamba kiwanja ni chake, ajenge magorofa ya kukodisha. Nasari waliivunja Jumamosi, watoto wakiwa hawapo. Vile viti vidogo wakavitupa nje kando ya mtaro, na Nafula akashinda pale akitafuta chake, kile chenye mguu uliofungwa waya. Zahanati haijavunjwa. Imesimama ndani ya mabati, imefungwa kufuli, na akina mama wanabeba watoto wao wenye homa mpaka mtaa wa pili.

Watu wa mtaa wetu wa Umande hawakunyamaza. Unawajua. Walipiga kelele mpaka magazeti yakaandika, na baada ya magazeti ikaundwa kamati ya kuchunguza vile kanjo ilivyompa kontrakta ardhi ya mtaa. Kamati ikatangaza itakaa hapa hapa kwenye holi letu, na kila mwenye neno aje aseme.

Sasa nani ana neno kama si mama yako?

Unaikumbuka ile ramani. Mwaka wako wa kwanza kuchora ramani kanjo uliniletea nakala ya mtaa wote, imekunjwa ndani ya shati lako isilowe mvua. Ukaitandaza mezani, ukanionyesha nyumba zote, na uwanja, na maneno uliyoyaandika juu yake kwa mkono wako: nasari, zahanati. Halafu ukaweka kidole kwenye kinukta kidogo cha wino, mbele ya mlango mia na kumi na mbili. Ukasema, "Hapa ndipo ulipo, mama. Mtu akipotea ataulizia kwako." Ukaniambia kila ukichora Umande utakitia hicho kinukta, na mkubwa wako ameshakugombeza akidhani kalamu yako inavuja. Tulicheka, Wekesa. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Niliipeleka kwa fundi wa vioo nikaitia fremu. Nikaitundika katikati ya ukuta, nikaihamisha picha ya marehemu baba yako kando, na najua hakukasirika. Hakuna mgeni aliyeketi kwenye kiti changu asimame bila kusomeshwa ramani ile. Vijana wa mtaa wakanibatiza. Nikipita na beseni langu wananiita, "Sasa, mathe wa mapu!" yaani mama wa ramani. Mama Atieno jirani naye, na ule mdomo wake, akaniambia mbele ya watu kwenye mfereji wa maji, "Mama Wekesa, angalia kwenye hiyo ramani kama kuna choo karibu, mtoto wangu amebanwa." Nikamwambia, mtoto wako amechora nini, Mama Atieno? Ukuta wa watu kwa makaa?

Ndivyo nilivyokuwa. Na siku ile tulipokulaza nilisema nini? Nilisimama mbele ya jeneza, ukoo wote wa baba yako umekaa, mchungaji amenipa dakika mbili nami nikachukua kumi. Nikashika mkono wako wa kulia, baridi ile, nikauinua kidogo ili wauone. Nikasema, "Mkono huu haujawahi kuchora uongo." Watu wakaitika Amina.

Siku ya kamati niliamka mapema kuliko jogoo wa Mama Atieno. Sikukaanga. Nilivaa viatu vya harusi yenu, vile vinavyonibana, nikaifunga fremu kwa leso mpya nikaibeba kifuani kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Nyuma yangu mtaa mzima. Nasimiyu alitembea kando yangu amemshika Nafula mkono, kimya. Nilidhani ni majonzi.

Nilisema vizuri, papa. Ungekuwepo ungeficha uso kwa aibu, lakini nilisema vizuri. Niliwafungulia leso mezani, nikawaonyesha uwanja, nasari, zahanati, nikawaambia aliyechora ni mwanangu, mtu wa kanjo yenyewe, si mtu wa barabarani. Mwenyekiti wa kamati akavaa miwani akaisoma. Watu wakapiga makofi. Nikaona nimemaliza kazi.

Ndipo wakili wa kontrakta akainuka. Kijana mzuri, msafi, ana sauti ya redio. Akasema ananipa pole kwa msiba, na ramani ya mwanangu inapendeza kwa kupamba nyumba. Ila yeye ana ya zamani kuliko hiyo, ya tangu mtaa unajengwa, imetoka kwenye faili la kanjo, na ya zamani ndiyo inayohesabiwa. Akaibandika ukutani. Nasari haikuwapo. Zahanati haikuwapo. Uwanja wote umeandikwa neno moja: makazi. Chini pembeni umeandikwa mwaka, na mwaka ule, Wekesa, wewe hukuwa umezaliwa. Mimi nilikuwa bado msichana nachunga mbuzi kwetu, sijui Nairobi iko upande gani.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Tumekwisha." Mwenyekiti akanirudishia fremu yangu, akaniambia asante mama, unaweza kuketi. Nikaichukua. Ili nifike kwenye benchi ilinibidi nipite karibu na ule ukuta, nami siwezi kupita ramani bila kutafuta mlango wangu. Ni mazoea. Nikatafuta mlango mia na kumi na mbili.

Kinukta kilikuwapo.

Papa, nilikuwa nimebakiza hatua nne kufika kwenye benchi. Nne. Nimezihesabu tena na tena tangu siku ile. Hakuna mtu mwingine katika holi lile aliyejua. Ningekaa, nikafunika fremu yangu, nikalia kama wengine, na wewe ungebaki safi. Nikatazama mkunjo wa herufi zako. Ulikuwa umejaribu kuzibadilisha, uzifanye za kizee, lakini ile "k" yako yenye mguu mrefu niliifundisha mimi, kwa kijiti, kwenye majivu ya jiko.

Ndipo ikanirudia ile wiki. Ile wiki uliyokuwa unakuja kwangu jioni, unakaa hapo chini ya fremu, huli. Nilikupikia kuku, nikakupikia mrenda, ukasukuma sahani. Mama Atieno akaingia kuomba chumvi, nami nikaanza kukusifu kwake kama kawaida yangu. Alipotoka ukaniambia, "Mama, punguza kunisifu." Nikakujibu kwa kicheko, nikipunguza mimi nani ataongeza? Hukucheka. Ulitazama ukuta. Haukupita muda kifua kikakushika, na kikakumaliza kwa wiki sita. Mimi nilidhani unaona haya, kama mtu mwenye adabu. Ulikuwa unaniomba kitu, nami nikakupa kuku.

Nikainua macho pale holini nimtafute Nasimiyu. Alikuwa ananitazama. Akatikisa kichwa, kidogo tu. Usiseme, mama. Hapo nikajua kwamba na yeye anajua. Nafula alikuwa mapajani pake, anachezea lile pengo la meno kwa ulimi.

Sijui ni nini kilichonigeuza. Ningependa kukuambia ni haki, au ni Mungu. Nadhani ni kile kiti chenye waya. Binti yako alikitafuta kando ya mtaro siku nzima, hakukipata, akarudi akaniuliza mimi bibi yake, "Kukhu, sasa nitakaa wapi?"

Nikageuka. Nikasema, mwenyekiti, hii ramani si ya zamani. Wakili akatabasamu, "Mama anajuaje?" Nikaweka kidole. Akakaribia, akainama, akasema, "Mama, hilo ni doa la wino." Nikamwambia, ni doa gani hilo linalojua mlango wa mtu? Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikafungua leso tena, nikaiweka fremu kando ya ramani yake. Kinukta na kinukta. Mlango mmoja. Nikawaeleza mimi niliingia nyumba hii mwaka ulioajiriwa wewe. Kabla ya hapo tulikaa laini ya kwanza ya nyumba, na kadi yangu ya nyumba inasema hivyo. Basi huyo mchoraji wa zamani alinijuaje mimi, akajua na nyumba nitakayohamia?

Wakili hakutabasamu tena. Akaniuliza polepole, kwa ile sauti ya redio, ili kila mtu asikie. "Kwa hivyo mama, unaiambia kamati hii kwamba mwanao, marehemu, alighushi?"

Wekesa. Nilitaka kusema walimlazimisha. Lakini sikuwapo, sikuona, na pale nilikuwa nimeapa. Nikasema, "Ndiyo. Ni mkono wake." Nikasema, "Nani alimpa huo mwaka auandike, muulizeni aliye hai."

Mwenyekiti akaandika kwa muda mrefu. Wakachukua ramani zote mbili, yao na yangu, wakanipa karatasi ya kuonyesha wamezichukua. Nilirudi nyumbani na leso tupu.

Sasa nikuambie yaliyofuata, maana hukuzoea nikufiche. Kontrakta amesimamishwa kujenga, lakini mabati hayajaondolewa. Kamati haijasema neno lake la mwisho. Wengine wanasema halitasemwa kamwe, faili litalala mahali. Baadhi ya watu wa mtaa wananishika mkono kwa mikono miwili. Wengine wanasema, kumbe mwanawe naye alikula kwenye hiyo sahani. Vijana hawaniiti mathe wa mapu tena. Wananiamkia shikamoo, na hiyo imeniuma kuliko matusi. Mama Atieno alikuja, akakaa, mdomo wake wote ule ukakosa neno. Akaniachia sahani ya omena akaenda.

Nasimiyu alinyamaza siku tisa. Ya kumi akanisaidia kukanda unga, na akiwa ameinama akasema, "Aliniambia, mama. Kazini walimwambia achore au arudi kijijini na mke na mtoto." Nafula alikuwa bado na meno yake yote wakati huo. Nikamuuliza, na kile kinukta, alikisahau au alikiacha makusudi? Akasema, "Hakuniambia."

Basi na mimi sijui. Siku nyingine nasema ni mazoea ya mkono, ulikuwa umechoka, kalamu ikajiendea yenyewe. Siku nyingine nasema uliniachia mlango wazi, ukijua ni nani atakayekuja kuutafuta. Nikiamini hili la pili nalala. Nikiamini la kwanza nakaa na jiko mpaka mandazi yananiungulia, mimi, mandazi yangu, yameungua mara mbili mwezi huu. Nimekukasirikia, papa. Nakuambia ukweli. Ungeniambia. Tungerudi Bungoma sote, tungelima. Mimi nalima vizuri kuliko wengi.

Ukutani msumari umebaki peke yake. Sijatundika kitu. Baba yako bado yuko kando, sijamrudisha katikati.

Desemba tunakuja kwa makumbusho yako. Saruji tumepata, msalaba fundi ameanza. Ukoo utakaa pale pale walipokaa, na nitaomba kusimama. Nakuahidi hivi: yale niliyosema juu ya mkono wako nitayasahihisha palepale, mbele ya wale wale walioitika Amina, kabla hawajasikia kwa mtu mwingine. Nitaanza kwa kukusifu, wanijua, siwezi kuanza vingine. Kisha nitasema mkono huu ulichora uongo mara moja, na ndani ya uongo ule ulimweka mama yake. Atakayeitika na aitike.

Pumzika sasa, mtoto wa mavuno, kama jina lako lisemavyo. Usihangaike na kifua tena. Nasimiyu anakusalimu, hajasema lakini namjua. Nafula anataka kalamu yake, ana kazi ya mwalimu wa shule ya mtaa wa pili.

Karatasi inaisha. Hapa chini, baada ya jina langu, naweka kinukta kimoja cha wino. Ndipo nilipo. Ukipotea huko, ulizia kwangu.

Mama yako,
mlango mia na kumi na mbili.