Kauboi Anayekufa Kila Siku

Dada Redempta,

Shikamoo. Huku Iguguno alizeti imekubali, na mimi sasa natafsiri muvi kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video! Nashika maiki, nasema wanachosema wale wazungu, na nisipoelewa nabuni.

Tunaonyesha zile tamthilia za mwanzo za makauboi kwenye televisheni, hazina hata rangi. Kuna mwigizaji mmoja nimemfuatilia kazi yake yote. Alianza kama jambazi asiyesema neno, anapigwa risasi, anadondoka kwenye farasi. Wateja wanamwita Tangulia. Baadaye wakampa maneno, akawa mkuu wa polisi msimu mmoja, halafu akazeeka, wakamrudisha kwenye kufa tu. Yaani anakufa vizuri, dada!

Shida ni mama. Tangu shimo la dhahabu la kule Sekenke limfukie kaka Alphonce, anakuja kibandani kila siku, anakaa benchi la mbele.

"Huyu si alikufa jana?" akaniuliza.

"Anaigiza, mama."

"Basi nyamaza, nione anavyorudi."

Watu walicheka. Mimi nikaweka maiki chini.

Tulipoongea kwenye simu sikukwambia maana mama alikuwa pembeni, lakini wachimbaji wameacha kufukua. Udongo unaendelea kuporomoka, wamesema kaka abaki humo humo. Mama hajui. Kila jioni anamwekea ugali na kuufunika. Kibandani nawasemea wanaokufa mpaka watu wanapiga makofi. Hili siwezi kulisema peke yangu, dada. Njoo.

Mdogo wako,
Shukuru