Laini Mbili, Mnara Mmoja

Jumatano, Kharumwa. Joto limekaba tangu asubuhi na hakuna jani linalotikisika. Sina hamu ya kuandika, lakini nikinyamaza nitaendelea kuiona ile picha iliyokataa kwenda.

Mnaonisoma mnajua zahanati yangu inategemea intaneti. Mimi ni muuguzi mkunga. Picha za altrasaundi napiga mwenyewe, ila anayezisoma ni daktari aliyeko Mwanza. Ndiyo maana nilihangaika sana kutafuta mtandao wa uhakika. Fundi mmoja wa Kahama akanishauri niwe na laini za kampuni mbili, moja ikikata nyingine ibebe. Nikatulia, nikaona nimemaliza.

Leo mchana Baba Kulwa alimleta mkewe kwa bodaboda. Mimba kubwa, damu inamtoka, na hasikii maumivu. Nikapiga picha, nikatuma. Ikazunguka weee, ikagoma. Nikahamia laini ya pili.

Kimya.

Nikachukua simu nimpigie daktari. Hakuna mtandao. Nikajaribu kuomba gari la wagonjwa. Hakuna mtandao. Nje, watu walikuwa wamesimama milangoni wameinua simu zao juu.

"Nesi, wa Mwanza amesemaje?" Baba Kulwa aliuliza.

"Bado hatujampata."

Alikaa sakafuni kando ya kitanda, akaushika mguu wa mkewe.

Niliitazama picha mwenyewe. Niliona kondo la nyuma limeziba njia ya mtoto. Au nilidhani nimeona. Kusoma picha si kazi yangu, lakini damu ile isingemsubiri mwenye kazi. Nikamtundikia dripu, nikaomba gari la jirani, na muuguzi mwenzangu Pendo akapanda nao kwenda hospitali Geita.

Gari lilipokata kona ndipo nilipotambua kwamba hata mama yule akifa njiani, sitajua.

Jioni mtandao uliporudi, ujumbe wa Pendo ndio ulioingia kwanza. Amepasuliwa. Mama yupo hai. Mtoto anapumua kwa oksijeni. Nililia nikiwa nimesimama, simu mkononi.

Kisha nikampigia fundi. Iweje zikate zote kwa pamoja?

"Zote zimefungwa kwenye mnara ule ule wa mlimani," alisema. "Kampuni hizi hupanga pamoja, kama wapangaji wa nyumba moja. Umeme ukikatika na jenereta lisipowaka, wote gizani."

"Ulikuwa unajua?"

"Hukuniuliza, dada."

Nimeamua kufunga dishi la setilaiti juu ya paa, lenye betri na sola yake, lisilotegemea mnara wa mtu. Laini moja itabaki ya akiba. Na safari hii nilimuuliza fundi: hili nalo litanitupa lini? Akasema mvua kubwa ikishuka, huenda likayumba.

Angalau sasa najua.

Dishi litafungwa wiki ijayo. Kabla ya hapo kuna akina mama wanaokaribia kujifungua, na wengine wanatoka mbali kuliko Baba Kulwa. Tangu jioni hii, bodaboda ikipunguza mwendo nje, najikuta natazama kwanza simu kama ina mtandao, ndipo naenda kumpokea mgonjwa.