Lori Alilonifundisha Kagwe

Shamba la Kahawa,
Posta ya Ruiru,
19 Septemba, 1954.

Mpendwa shemeji Dismas,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Ruiru. U hali gani huko Jinja, na dada yangu Ndunge anaendeleaje? Yule mtoto aliyekuwa na surua amepona? Mama aliniletea habari kwamba macho yake yalivimba mpaka yakafungana, na tangu siku hiyo sina raha. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umepungua. Kahawa imeanza kuiva na mwaka huu itakuwa nyingi, lakini mikono ya kuichuma ndiyo hatujui itatoka wapi.

Barua hii nimempa mkononi binamu yangu Kaleli, anayefanya kazi kwenye gari moshi la Kampala, maana zinazopita posta siku hizi zinafunguliwa. Msomee Ndunge, kisha uitie motoni.

Ulisikia kwamba nimekuwa dereva ukaniandikia kunipongeza. Asante sana, shemeji. Lakini nilipoisoma barua yako nilishindwa kufurahi, na ni haki yako kujua sababu.

Dereva wa lori la shamba alikuwa Kagwe, Mkikuyu wa upande wa Fort Hall, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Mimi nilikuwa tanboi wake. Nilifunga turubai, nikapiga hendeli asubuhi injini ikiwa baridi, nikaweka jiwe chini ya gurudumu tukisimama kwenye mlima. Sikuwa na mke wa kunipikia, kwa hiyo nilikula kwake. Mkewe Wangeci alikuwa akiniwekea chakula bila kuulizwa, na mama yake Kagwe, bibi Ngendo, aliniita mwanawe wa Ukambani.

Mwezi wa sita bwana mwenye shamba alikuja pale tunapopakia magunia. "Kagwe, fundisha Musau gari," akasema. "Upesi." Akaenda zake. Mimi nilicheka kwa furaha, shemeji. Nani asiyetaka kuwa dereva? Kagwe hakucheka. Alifuta mafuta mikononi, kidole kimoja kimoja, kisha akaniambia nipande upande wa usukani.

Lori lenyewe ni la zamani na gia zake hazitaki haraka. Ukitaka kuteremsha gia unakanyaga klachi, unairudisha gia katikati, unaachia klachi, unapiga mafuta kidogo, halafu unakanyaga klachi tena ndipo unaiingiza. Ukikosea, chuma kinalia hadi watu wa shambani wanainua vichwa. Siku za kwanza lilikuwa likiruka na kuzima, likiruka na kuzima. Kagwe hakunigombeza hata mara moja. "Wacha kuangalia mkono," aliniambia. "Sikiliza injini. Ikitaka gia ingine itakuambia."

Nilipoanza kuzoea ndipo nilipopata habari za shamba la jirani. Huko dereva alikuwa Waweru, naye aliambiwa amfundishe Mkamba mwenzangu. Siku ile ile mwenzangu alipopata leseni, askari walimchukua Waweru akiwa anaosha gari. Ndoo ya maji ilibaki pale pale. Unajua tangu mwezi wa nne, Nairobi ilipozingirwa na askari, Wakikuyu wanaondolewa kazini kila mahali na sisi wa makabila mengine tunaingizwa mahali pao. Nikaelewa kwa nini bwana alisema upesi.

Nifanye nini? Nilianza kuzima gari makusudi. Naachia klachi ghafla, nasema mguu umeteleza. Nilidhani nisipojua, Kagwe atabaki. Siku moja karibu na daraja la Theta aliniambia nisimame kando ya barabara.

"Musau, unazima gari makusudi."

Nilizima injini.

"Umesikia habari ya Waweru?"

"Nimesikia."

"Mimi nilijua kabla yako. Nilijua ile siku bwana alipokuja." Alikuwa akitazama mbele, kule barabara inakopanda. "Wewe ukishindwa wataleta mwingine. Mimi nitaenda tu. Lakini nikienda, mama na Wangeci na watoto watatolewa hapa shambani, na watatolewa kwa lori hili. Ni nani atakuwa ameshika usukani? Kama ni mtu asiyejua mteremko wa Ndarugu, atawamwaga mtoni."

Nilimwambia, "Kagwe, usiseme hivyo."

"Washa gari," akasema.

Tangu siku hiyo hatukucheza. Alinipeleka Ndarugu mara nyingi. Kuna siku alinipandisha nyuma, nikae juu ya mbao tupu bila kushika kitu, naye akateremka kwa kukanyaga breki. Nilirushwa huku na huku nikagonga kichwa. Akarudi juu akateremka tena, safari hii kwa gia ya pili, mguu mbali na breki, injini yenyewe ikilishika lori. Nilikaa nimetulia. Akachungulia dirishani. "Umeona tofauti? Gunia halivunjiki mbavu. Mtu anavunjika."

Siku ya mtihani bwana alikaa pembeni yangu tukaenda Thika na lori. Kagwe alikuwa amesimama mlangoni pake. Hakupunga mkono. Aliita tu, "Usianguke!" nikajua anasema juu ya mtihani.

Afisa wa polisi alinisimamisha katikati ya mlima akaniambia niondoke pale bila kurudi nyuma. Shemeji, mguu wangu ulikuwa juu ya ile klachi. Ningeliacha lirudi hatua moja tu, ningekuwa nimeshindwa, na Kagwe angelala kwake usiku huo. Nilimfikiria yeye, nikamfikiria bibi Ngendo nyuma ya lori. Nikapiga mafuta, nikaachia klachi pole pole mpaka nikasikia lori limeshika, nikatoa handibreki. Lilipanda bila kutingishika. Afisa akasema vizuri sana.

Tuliporudi, mlango wa Kagwe ulikuwa wazi. Wangeci alikuwa ameketi chini, maharage yamemwagika pembeni yake, hayaokoti. Askari walimchukua Kagwe tulipokuwa bado Thika. Wengine wanasema yuko kambini Langata, wengine wanasema amepelekwa kizuizini Manyani. Hakuna anayejua, na anayeuliza sana naye anaulizwa.

Wiki iliyofuata ikawa vile vile Kagwe alivyosema. Nyapara aliniambia niwabebe jamaa za Wakikuyu mpaka kituo cha gari moshi Thika, warudishwe kwao Fort Hall. Nilitaka bibi Ngendo akae mbele nami, askari akakataa. Wakapanda wote nyuma na masufuria na kuku wao. Ndarugu nilishuka kwa gia ya pili, pole pole mno, askari akinitukana kwamba naendesha kama nimebeba maiti. Sikusikia mtoto hata mmoja akilia.

Kituoni nilimteremsha bibi Ngendo kwa mikono yangu. Wangeci alishuka mwenyewe. Akaniuliza, "Ulijua?"

Nikamwambia, "Nilijua."

"Na yeye alijua?"

"Alijua kabla yangu."

Akachukua mzigo wake. "Basi ni mimi tu mlikuwa mnanilisha uongo mezani kwangu," akasema, akaingia katika msongamano wa watu. Sijamwona tena. Maneno hayo ndiyo yanayonikosesha usingizi, shemeji.

Sasa niko peke yangu kwenye laini zetu za wafanyakazi. Nyumba nyingi zimefungwa kwa mbao. Waliobaki wakiniona nakuja wanakata mazungumzo, na hata Wakamba wenzangu wananisalimu haraka haraka. Nimetaka kuacha kazi nije huko kwenu, nifanye kazi yoyote ya reli, hata ya kupanga mizigo. Lakini bwana ameichukua leseni yangu pamoja na kipande changu cha utambulisho na kuvifungia ofisini. Anasema ananitunzia visipotee.

Jana jioni aliniita. Lori linatakiwa na polisi kule Ngoliba kesho asubuhi. Nimeambiwa nivue turubai, nijaze tangi mpaka juu, na nibebe chakula changu cha safari. Nilimwuliza nitabeba mizigo gani. Alinitazama kidogo, akaniambia dereva kazi yake ni barabara. Lakini turubai huvuliwa ili askari waone watu waliobebwa, kwa hiyo najua si mizigo.

Mpe Ndunge mkono wangu, na umwambie asimweleze Mama neno. Nisalimie pia shemeji Jentrix, dada yako, na mzee Erastus jirani yenu aliyenipa viatu. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyumba nzima, mlale na kuamka wote, na mlango wenu usigongwe na mtu msiyemjua.

Ndimi shemeji yako akupendaye,
Musau