Seva ya Mzee Léonidas

Jumatatu, 2 Machi

Gikondo, ofisini. Leo nimeanza kuweka ile moduli, kiprogramu cha kuongezea kwenye seva. Kazi yake ndogo tu: mtu akiomba sauti ya mzee wake, seva imuulize kwanza yeye ni nani. Tulirekodi wazee mia mbili na kumi na wawili, na wote tuliwaahidi — familia yako tu ndiyo itakusikia. Mama yumo. Dakika arobaini. Tangu afariki Novemba sijapata nguvu ya kumsikiliza. Nimejiambia nitamsikiliza pamoja na wengine, tarehe 14, familia zikija.

Moduli imeingia bila shida. Seva inasema haiijui.

Jumanne, 3 Machi

Nimeitoa, nimeirudisha. Mara nne! Mashine inaniambia moduli ipo tayari. Seva inasema moduli gani hiyo. Sasa nani mwongo hapa? Bertrand, mkurugenzi wetu, kapita mlangoni, kauliza iko sawa? Nikasema iko. Ameshatuma mialiko kwa WhatsApp, familia zote. Kichwa kinaniuma. Kwaresma hii nimejinyima chai ya maziwa, nami bila chai si mtu.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeipata! Na nimeharibu. Ngoja niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nimegundua ndani ya mashine kuna programu mbili za seva. Moja ilikuja na mashine. Ya pili aliijenga Mzee Léonidas — aliyenitangulia kazi hii, aliyenifundisha kila kitu — kwa mikono yake, akaiweka pembeni kwenye folda yake. Inayofanya kazi ni hiyo ya kwake; moduli yangu ilikuwa inaingia kwenye ile nyingine. Mimi siku zote hizi namlisha mtoto wa jirani, wangu analia njaa. Nikaijenga moduli upya kwa ajili ya seva ya Mzee. Ikakubali. Nikacheka peke yangu.

Ilibaki kuiwasha upya seva. Seva tu! Mimi nikawasha upya mashine nzima. Mazoea — nyumbani kila kitu ni zima-washa. Mashine ambayo Mzee aliiwekea betri mbili isizimike hata umeme ukikatika! Haijazimwa miaka mitatu. Sasa skrini ni nyeusi, mstari mmoja tu: andika neno la siri la diski. Sauti zote ziko kwenye diski hiyo, zimefungwa. Neno analijua Mzee peke yake. Hakuliandika popote, alikuwa hivyo. Na alipougua hakuna aliyemwuliza. Mashine ilikuwa inakwenda, nani angekumbuka?

Mimi ndiye. Si mwingine.

Ijumaa, 6 Machi

Nimemwambia Bertrand. Hakufoka — afadhali angefoka. Akauliza nakala ya akiba. Ipo, nikasema, nayo imefungwa kwa neno lilelile. Akavua miwani, akaifuta weee. Akasema zaidi ya nusu ya wale wazee wameshatangulia. Najua. Mmoja ni mama yangu.

Nimempigia Claudette, mpwa wa Mzee, anayemtunza kule Remera. Kiharusi cha Agosti kimemwachia Mzee maneno, kikamchukulia mkono wa kulia na herufi. Ukimpa gazeti, haoni kitu cha kusoma. Lakini anaongea, polepole. Njoo Jumapili baada ya misa, kasema.

Jumamosi, 7 Machi

Nimejaribu kubahatisha. Jina la marehemu mkewe. Butare, kwao. Mwaka wa ndoa. Kila mara: hapana. Nikajiona mwizi anayepapasa mifuko ya mtu aliyelala. Nimeacha.

Jumapili, 8 Machi

Remera. Naandika nikiwa sebuleni kwao, daftari gotini.

Mzee amenipokea vizuri. Nimemwamkia kwa mikono miwili, nikakiri yote. Akautazama mkono wake wa kulia. Nikadhani amesahau. Kumbe hajasahau hata kidogo. Neno la siri ni majina ya watoto wake wanne, mkubwa hadi mdogo, bila nafasi katikati.

Claudette akatoka jikoni. Amelelewa na Mzee tangu ana miaka miwili, leo ana thelathini na minne. Alijua walikuwepo watoto, waliuawa Butare mwaka wa tisini na nne, kwenye mauaji ya kimbari, pamoja na mama yao, Mzee akiwa kazini Bujumbura. Majina yao hakuwahi kuyasikia. Humu ndani hayakutajwa kamwe.

Nikamwambia Mzee aache tu, tutatafuta njia nyingine. Uongo — njia nyingine hakuna. Akatikisa kichwa.

"Kila nikiwasha ile mashine nilikuwa nawaandika," kasema. "Kwa vidole ilikuwa rahisi, mwanangu."

Jina la kwanza limetoka. La pili. La tatu, kisha akaomba maji. Sitayaandika humu, nimeyaweka kichwani. Claudette hakwenda kuleta maji. Alisimama tu pale. Nimeyaleta mimi.

La nne halijatoka. Nusu saa sasa.

"Huyu wa mwisho alizaliwa mimi niko Bujumbura," kaniambia. "Jina lake nililisoma kwenye barua. Sijawahi kumwita."

Nashindwa kumhimiza. Namtaka mama yangu, Mungu anajua, na limebaki jina moja tu, nami naona aibu kulisubiri. Claudette amekaa sakafuni, miguuni pake, mikono ina unga. Mzee amefumba macho. Ameanza tena kutoka la kwanza. Claudette anayarudia nyuma yake, moja moja.