Zamu ya Jumatatu

Izki

Shangazi Bimdogo,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Mke wangu Khulood kajifungua mtoto wa kike, na halua uliyotuletea kutoka Sur iliisha siku ile ile.

Uliniuliza kwa nini mimi, niliyekuwa mkuu wa maabara ya maji ya taifa, siwaambii serikalini wayarudishe maji ya falaji, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Hayarudi, shangazi. Miaka tisa iliyopita vipimo vyetu vilionyesha kwamba visima vipya vitaukausha mfereji. Wakubwa wakanitaka nilegeze maneno ili sera yao ya visima ipite. Nikaandika kwamba maji yanatosha, nikatia sahihi. Mwezi wa pili yake nikapandishwa cheo, nawe ukanipikia biriani.

Watu wa hapa waliniamini kwa kuwa mimi ni mtoto wao, wakapanda mitende mipya.

Baba bado huenda shamba kila Jumatatu, siku ya zamu yake ya maji. Hufungua kilango cha mfereji mkavu, hukaa saa yake nzima, kisha hukifunga ili jirani naye apate haki yake. Hajapata kuniuliza kitu. Jana alinikabidhi jembe, akasema, "Zamu yangu nakuachia wewe."

Ni mimi mwanao,
Nadhir