Vipande vya Sare ya Akina Mama

Jumamosi, katikati ya Julai. Baridi.

Nakuru imeamka na ile baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Jua lilichungulia mchana kidogo, likaghairi. Sijashona chochote leo. Cherehani nimeifunika kwa shuka tangu asubuhi, utadhani ndiyo iliyokosa.

Naandika kwa sababu nisipoandika nitamtupia Mama neno ambalo sitaweza kulirudisha.

Kazi yangu ni kutengeneza vitu vya nywele hapa nyumbani: bendi za kitambaa, riboni za watoto wa shule, vitambaa vipana vya kufunga kichwa. Naokota vipande ambavyo mafundi wa nguo wangetupa. Nakata ukanda, naushona kwa upande wa ndani, naupindua, napitisha lastiki, nafunga. Bei yake ni ya chini kabisa, hata msichana aliyebakiwa na chenji ya sukari anaweza kujinunulia. Najivunia hilo kuliko ninavyoonyesha watu.

Mama ninaishi naye. Yeye ni mtu wa kanisa kwelikweli, na kikundi cha akina mama ndicho familia yake ya pili. Baada ya Pasaka walishona sare mpya, kitambaa cha bluu iliyokolea chenye maua madogo meupe, na Mama akapewa kazi ya kukipeleka kwa fundi na kuzirudisha nguo. Fundi alirudisha na vipande pia, gunia zima. Gunia likakaa chini ya kitanda cha Mama wiki kadhaa, halafu siku moja akalisukuma kwa mguu mpaka mlangoni kwangu.

“Vayo, chukua hizi vitu. Panya watazalia hapa.”

Nayakumbuka maneno hayo vizuri. Inaonekana sasa ni mimi peke yangu ninayeyakumbuka.

Bendi nilizoshona kwa vipande hivyo zilitoka maridadi. Sijawahi kushona kitu kikaisha haraka namna hiyo. Niliweka meza nje ya lango, na kabla sijamaliza kupanga wasichana walikuwa wameshaanza kuvutana. Mama mmoja wa Gilgil alibeba fungu zima akauze huko kwao. Sikufikiria kanisa hata kidogo. Nilifikiria jinsi ile bluu inavyokaa vizuri kwenye nywele nyeusi.

Jumamosi iliyopita akina mama walikwenda mazishi upande wa Naivasha, wote ndani ya sare. Wakati wa kurudi, njaa ikawashusha Kikopey, kwenye vibanda vya nyama choma karibu na Gilgil. Mimi sikuwepo. Nimesimuliwa na Mama Shiro, jirani yetu, naye ni mwanakikundi na hajui kukaa na neno tumboni. Anasema msichana wa kuhudumia alileta maji ya kunawa, akainama, na pale kichwani pake ikaonekana bendi ya bluu yenye maua meupe. Msichana mwenyewe alifurahi sana kuona wamependeza sawa naye.

“Waah, mamathe! Leo tumetokelezea same same! Hii uniform ni ya wapi?”

Meza ya jirani ilikuwa na wanaume na chupa zao. Walicheka mpaka mmoja akauliza kama kwaya itaimba sasa au baada ya nyama. Mwenyekiti wa kikundi alisukuma sahani yake kando. Mama Shiro anakiri kwamba alikula ya kwake akamalizia na ya mwenyekiti.

Nilipoambiwa, nami nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Halafu Jumatano kukawa na kikao. Kila mtu kanisani anajua ni nani mtaani anayeshona bendi, kwa hiyo macho yote yalimwendea Mama. Mwenyekiti akamwuliza kitambaa cha kikundi kilitokaje nyumbani kwake. Mama alisimama. Mama Shiro ameniapia kwamba haongezi chumvi, kwamba Mama alisema hivi: “Mimi sijui alitolea wapi. Watoto wa siku hizi hawaombi, wanachukua tu.”

Wanachukua tu.

Yaani mimi ni mwizi, tena mwizi wa vitu vya kanisa, na aliyenitaja ni mtu aliyenisukumia gunia kwa mguu wake.

Jioni ile nilimkuta jikoni akichagua mchele. Nilimwuliza kama ni kweli. Hakukana, na hapo ndipo nilipoumia zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kumwamini. Aliendelea kutoa mawe kwenye sinia. Baadaye akasema, bila kuniangalia: “Wewe bado kijana, watasahau. Mimi nitaambiwa mpaka siku ya kunizika.”

Nilitoka nikaenda kukaa nje na baridi yote ile.

Nimejaribu kumwelewa. Baba alipofariki, ni akina mama wale waliojaa katika nyumba hii. Walipika, wakaosha vyombo, wakalala sakafuni na Mama, wakamshika mikono kaburini. Kwa Mama, ile sare si nguo. Ni watu watakaomjia siku akiugua na siku akizikwa, na anaogopa kufa bila wao kuliko anavyoogopa kufa kwenyewe. Hilo naliona. Lakini mimi pia nilikuwa kaburini siku ile, na mkono wake mmoja niliushika mimi.

Basi, agizo la kikundi limekuja kupitia kwa Mama Shiro. Kesho baada ya ibada nisimame mbele ya akina mama na gunia la vipande vilivyobaki, niombe msamaha kwa kuchukua mali ya kikundi bila ruhusa. Nisipofanya hivyo, Mama atarudisha sare yake na kutoka kikundini.

Nikisema ukweli, anaitwa mwongo mbele ya watu wake. Nikisema samahani, naitwa mwizi mbele ya wateja wangu, kwa sababu wale akina mama ndio wanaowanunulia mabinti zao riboni. Siku tatu nzima nimezunguka na hesabu hiyo. Leo mchana nilikuwa nimeamua. Nitasema ukweli, kila mtu abebe wake.

Kisha jioni hii Mama akaniita.

Bega lake la kulia limekataa kabisa kwa sababu ya baridi. Hawezi kuinua mkono kupita sikio. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, na sare yake imeshapigwa pasi, inaning'inia mlangoni. Akasema nimfungue kichwa, nimpake mafuta, kwa sababu kesho ni kanisa. Mama huwa haonyeshi mtu nywele zake. Tangu tumzike Baba sijamwona bila kitambaa kichwani, hata kitandani analala nacho.

Nilisimama nyuma yake. Nilikuwa bado nimenuna, na vidole vyangu vilikuwa na haraka. Nikafungua fundo, nikavuta kitambaa.

Nywele zimekuwa nyeupe zote. Chache, laini, zimekusanywa nyuma. Na zilikuwa zimefungwa kwa bendi ya bluu yenye maua meupe.

Ni ya kwangu. Mshono wangu naujua, huwa unapinda kidogo pale ninapofungia lastiki. Hii haikuwa mpya. Lastiki imeanza kulegea, maua yamepauka kwa mafuta ya nywele. Ameivaa siku nyingi. Aliivaa Kikopey, chini ya kitambaa, huku wale wanaume wakicheka. Aliivaa Jumatano aliposimama kusema hajui nilitolea wapi.

Alijua nimeiona, maana shingo yake ilikauka. Nilichukua kitana. Nilitaka kumpigia kelele na nilitaka kumkumbatia, na vyote viwili vilinijia kwa nguvu ile ile.

“Ni nzuri,” akasema, akiwa ameuelekea ukuta. “Haivuti nywele.”

Samahani hakusema. Nimemsubiri aseme mpaka chai ikapoa, na sasa najua hatasema.

Nimempaka mafuta, nimemfunga kitambaa cha kulalia, nimekuja huku chumbani. Gunia liko mlangoni. Bendi ninayo hapa kwenye meza, nimeitoa ile lastiki iliyolegea na kuweka nyingine. Ndiyo kazi pekee niliyofanya leo.

Kesho nitakwenda. Nitasimama mbele yao na kusema samahani, nilichukua bila kuomba. Nitasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, na sare yake itabaki yake. Lakini hawezi kujifunga nywele mwenyewe na bega lile, kwa hiyo asubuhi ataniita. Nitamfunga na bendi hii hii, nimfunike na kitambaa juu yake.

Nitaikaza. Mimi nikiwa mbele naomba msamaha, nataka imvute nywele kidogo.