Swali la Kunal

Muyeye, Malindi

Mke wangu Kahaso,

Natumai mihogo imeshika. Mimi ni mzima ila mgongo tu, kwa kubeba mbao.

Hapa dukani kompyuta ya tajiri wetu Mzee Tribhovan ilichoka. Fundi Nidhi akaleta ya aina nyingine, akasema programu ya zamani haikubali humo. Mzee akakataa kuiacha. Aliiunda mwanawe Kunal, marehemu. Kila asubuhi programu hiyo huandika, kwa Kiswahili ili nasi vibarua tumkumbushe: "Baba, umekunywa dawa?"

"Hata mpya itahesabu mbao, mzee," Nidhi akambembeleza.

"Nani kakuuliza habari ya mbao, binti?"

Nidhi akahangaika siku tatu, mpaka mashine mpya ikajifanya ile ya zamani. Swali likatokea. Dawa mzee alikuwa ameshakunywa, maji nilimpa mimi. Lakini akabonyeza "Bado", kwa sababu ukijibu hivyo inauliza tena. Akabonyeza tena, na tena.

Kahaso, tangu nilipokosa kuja kumzika mtoto wetu, hunipigii simu. Nipigie uniulize kama nimekula. Nitajibu bado.

Mumeo,
Ngumbao